SSD au diski ngumu kwa kompyuta ya nyumbani: usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi

Kompyuta ikichukua dakika mbili kuwaka, na nyingine mbili kabla kivinjari hakijafunguka, wengi husingizia prosesa au virusi. Kabla ya kusingizia chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance kwenye Task Manager, kisha tazama mstari wa Disk. Ukikuta diski iko asilimia 100 huku ikisoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, chanzo umeshakipata. Diski hiyo haikulemewa na wingi wa data. Imelemewa na kukimbizwa huku na huko kutafuta vipande vidogo vidogo.

Ulinganifu wa diski ngumu na SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, unaanzia hapo, na hapo pia ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapompoteza mnunuzi. Boksi linataja megabaiti kwa sekunde. Mtumiaji wa nyumbani anachokisikia vidoleni ni muda wa kusubiri.

Ndani ya diski ngumu kuna sahani zenye tabaka la sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Kanuni hii ni ya tangu 1956, IBM ilipotoa diski ya kwanza ya RAMAC iliyokuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24 na kubeba herufi milioni 5 tu. Uwezo umepanda hadi makumi ya terabaiti, lakini kazi ni ileile: mkono usafiri hadi kwenye njia yenye data, kisha usubiri sahani izunguke mpaka data ifike chini ya kichwa.

Tupige hesabu. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, na kichwa kwa wastani husubiri nusu yake. Ongeza milisekunde kama 9 za safari ya mkono. Ombi moja linakula takribani milisekunde 13, na sekunde nzima inatosha maombi 75 hivi. Sasa Windows ikiwaka huomba maelfu ya vipande vilivyotawanyika, vingi vikiwa vya kilobaiti chache. Maombi 75 ya kilobaiti 4 ni kilobaiti 300 kwa sekunde! Ndiyo maana diski ileile inayonakili filamu kubwa kwa megabaiti 180 kwa sekunde bila taabu hujikokota vibaya unapofungua programu tatu kwa mpigo.

SSD haina kinachozunguka. Data imo kama chaji ya umeme kwenye seli za chipu, na kidhibiti huifikia seli yoyote kwa takribani milisekunde 0.1. Hata ikihudumia ombi moja moja, SSD ya kawaida kabisa ya SATA (kiungo kilekile cha kebo cha diski ngumu) hujibu maombi kama 10,000 kwa sekunde. Kutoka 75 hadi 10,000: hakuna kifaa kingine utakachobadilisha kwenye kompyuta ya zamani kikaleta tofauti ya namna hiyo. Kwa diski inayobeba mfumo endeshi na programu, hukumu yetu ni moja, haina masharti: weka SSD. Mjadala wa kweli ni SSD ipi, na diski ngumu ibaki na kazi gani.

SATA au NVMe

SSD ya SATA hufungwa na kiungo chake. SATA ya kizazi cha tatu ni gigabiti 6 kwa sekunde, na baada ya makato ya usimbaji na gharama nyingine za mawasiliano zinabaki megabaiti 550 hivi. SSD ya NVMe hupita kwenye njia za PCIe, zilezile za kadi za ndani ya kompyuta: za kizazi cha tatu hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, cha nne 7,000, cha tano hufika 14,000 au zaidi. Ukitazama namba hizo utadhani NVMe ya kizazi cha tano itawasha Windows mara 25 haraka kuliko SATA. Haitafanya hivyo. Kasi hizo hupatikana wakati wa kusoma faili kubwa mfululizo, maombi mengi yakiwa yamepangwa foleni. Kwenye maombi madogo ya moja moja, ambayo ndiyo maisha ya kila siku ya kompyuta ya nyumbani, NVMe nzuri huizidi SATA kwa mara moja na nusu au mbili hivi. Ukiwasha kompyuta, hiyo ni tofauti ya sekunde chache.

Anayehariri video na kuhamisha faili za gigabaiti mia kutoka NVMe moja kwenda nyingine atauona uzuri wa kizazi cha nne. Anayeandika barua, kufanya hesabu za duka, kutazama filamu na kusoma mtandaoni hatauona, na pesa aliyoongeza ingemfaa zaidi kwenye RAM au kwenye ukubwa wa SSD yenyewe. Kizazi cha tano tungekiepuka kwa matumizi ya nyumbani kwa sababu nyingine pia: kinachemka. Bila bamba zito la kupoza joto, kidhibiti hujipunguzia kasi ili kisiungue, na ile namba uliyoilipia inayeyuka ndani ya dakika moja ya kunakili.

Lakini ikiwa kompyuta ina tundu la NVMe na bei inakaribiana na ya SATA, chukua NVMe ya kizazi cha tatu au cha nne. Haina kebo na haichukui nafasi.

M.2 ni umbo, si kasi

Kosa linalorudisha watu dukani kuliko yote ni hili. Kile kijiti chembamba kiitwacho M.2 kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe, na tundu la M.2 linaweza kukubali kimoja, kingine, au vyote viwili. Kijiti kikiingia vizuri lakini BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) isikione, mara nyingi tatizo ndilo hilo na wala kifaa hakijafa. Tazama meno yake ya dhahabu: cha SATA kwa kawaida kina mapengo mawili, cha NVMe kwa kawaida kina moja. Dalili hiyo haitoshi peke yake, kwa sababu kuna NVMe za njia mbili zenye mapengo mawili. Kitabu cha madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ndicho cha kuaminika. Tafuta jedwali la M.2 na usome mpaka maandishi madogo ya chini, maana madabodi nyingi huzima poti moja au mbili za SATA pale tundu fulani la M.2 linapotumika. Mtu anachomeka kijiti kipya, diski yake ya zamani inatoweka, anadhani ameiua.

Namba kama 2280 ni vipimo: upana milimita 22, urefu milimita 80. Kompyuta mpakato ndogo nyingine hupokea 2230 au 2242 tu, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kijiti huingizwa kikiwa kimeinama kama nyuzi 30, kisha kinalazwa na kufungwa kwa skrubu ndogo ya M2. Usikikandamize kabla hakijaingia mpaka mwisho.

Kompyuta za zamani zenye BIOS isiyo ya UEFI (aina yake mpya) kwa kawaida haziwezi kuwaka kutoka NVMe, hata ukiichomeka kwa kadi ya PCIe. Itaonekana ndani ya Windows kama diski ya kuhifadhia, basi. Kwa mashine hizo, SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo dawa. Inakaa pale ilipokuwa diski ngumu, ikiwa na plagi zilezile. Angalia tu unene: SSD nyingi ni milimita 7, na nafasi ya diski kwenye mpakato wa zamani mara nyingi ni 9.5. Fremu ya plastiki ya kujazia nafasi husaidia isicheze. Kwenye kompyuta ya mezani, hata ikibaki imening'inia kwa muda haidhuriki kama ambavyo diski ngumu ingedhurika.

Kilicho ndani ya SSD ambacho boksi halikisemi

SSD mbili za terabaiti moja, zote zimeandikwa 550, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Seli ya TLC hubeba biti 3, ya QLC hubeba 4. Kadiri biti zinavyojazana kwenye seli moja, ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa taratibu na seli inavyochakaa mapema. Watengenezaji hulificha hilo kwa kutenga sehemu ya seli ziandikwe biti moja moja kama eneo la mapokezi. Eneo hilo likijaa, kasi halisi inajitokeza. Mfano mzuri ni Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, ambayo ni QLC: eneo lake la mapokezi ni hadi gigabaiti 42, na baada ya hapo uandishi unashuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya diski ngumu nzuri ya mezani. Ndugu yake 870 EVO ni TLC na haianguki hivyo.

Je, hilo linamhusu mtu wa nyumbani? Kwa kusoma, hapana. Kwa kunakili folda ya picha ya gigabaiti 200, ndiyo, na zaidi diski ikiwa imejaa, kwa sababu eneo la mapokezi hupungua nafasi inapopungua. Acha asilimia 10 hadi 20 wazi daima. QLC tunaikubali kama ghala la gemu na filamu. Kama diski pekee ya kompyuta, TLC inastahili nyongeza ya bei.

Hofu ya kwamba SSD “inaisha kwa kuandikwa” imekuzwa kuliko ilivyo. EVO hiyo ya terabaiti 1 ina dhamana ya miaka 5 au TBW 600, yaani terabaiti 600 za kuandikwa. QVO ni miaka 3 au TBW 360. Ukiandika gigabaiti 30 kila siku, na hizo ni nyingi, unafika terabaiti 11 kwa mwaka. Hata QLC hiyo ingechukua zaidi ya miaka 30 kuufikia mpaka wake. Kinachoua SSD za nyumbani mara nyingi ni kidhibiti au famwea (programu iliyomo ndani ya kifaa), si seli kuchoka. SSD ya Crucial m4 ilikuwa na kasoro iliyoifanya igande ikitimiza saa 5,184 za kuwaka, kisha igande tena kila baada ya saa moja. Januari 2012 sasisho la famwea likaiponya. Kwa hiyo pakua programu ya mtengenezaji na uangalie famwea siku ya kwanza.

RAM ndogo ndani ya SSD ni jambo jingine. SSD za SATA zisizo nayo huchelewa zaidi zikiwa na kazi nyingi. Kwa NVMe kasoro hiyo ni ndogo, kwa kuwa huweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta.

Diski ngumu bado ina kazi

Kwa kila terabaiti, diski ngumu bado ni nafuu kuliko SSD, na faili kubwa zinazosomwa mfululizo, kama video, picha na nakala rudufu, haziitesi. Ina faida nyingine isiyosemwa sana: hukaa bila umeme kwa utulivu. Kiwango cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, kinadai SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha maliza TBW yake ishikilie data mwaka 1 tu bila umeme kwenye nyuzi joto 30. SSD changa hushikilia muda mrefu zaidi, lakini chaji huvuja, na joto huharakisha kuvuja. Usifungie nakala pekee ya picha za familia kwenye SSD ndani ya droo kwa miaka.

Ukinunua diski ngumu, uliza kama ni CMR au SMR. Kwenye CMR njia za data zimekaa kando kando; kwenye SMR hupandana kama vigae vya paa. Kurekebisha njia moja kunalazimisha kuandika upya za jirani, na uandishi mrefu wa hapa na pale huidondosha kabisa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa. Baadaye zile za CMR zikapewa jina la Red Plus. Kwa bakapu ya wiki mara moja SMR inatosha. Kwa diski zilizounganishwa RAID, yaani kadhaa zikifanya kazi kama moja, ikatae.

Adui wa diski ngumu ni mtikisiko ikiwa inazunguka. Usihamishe mpakato wake ukiwa unafanya kazi, wala usiiinue diski ya nje kabla haijatulia.

Kuhama bila kupoteza kitu

Anza na afya ya diski ya zamani. Programu ya CrystalDiskInfo, au smartctl kwenye Linux, itaonyesha SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia. Namba ya 05 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, au C5 na C6 zikiwa na chochote, diski inakufa: nakili faili muhimu kwanza, mambo ya kuhamisha mfumo baadaye. Usiigonge na majaribio ya kunakili yote mara tano, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data. C7 ikipanda peke yake, badilisha kebo ya SATA kabla ya kununua chochote.

Kama diski ni nzima, una njia mbili. Kusakinisha Windows upya ni safi zaidi. Unahitaji flashi ya angalau gigabaiti 8, na sharti moja linalosahaulika: chomoa diski ya zamani wakati wa usakinishaji. Ikiwemo, kisakinishi kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski ya zamani na Windows yenyewe kwenye SSD. Siku utakapoitoa ile ya zamani, kompyuta haiwaki.

Njia ya pili ni kunakili diski nzima kwa Clonezilla au programu ya mtengenezaji wa SSD. Simamisha BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, kwanza kama imewashwa. Unganisha SSD kwa adapta ya USB kwenda SATA. Ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB. Clonezilla kwa kawaida hukataa diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani hata kama data ni kidogo, kwa hiyo punguza patisheni (migawanyo ya diski) kabla, kisha chagua -icds, ya kuruka ukaguzi wa ukubwa, kwenye hali ya Expert. Ukimaliza, zima, toa diski ya zamani, weka SSD, kisha uwashe kwa mara ya kwanza ikiwa peke yake. Zikiwa zote mbili na utambulisho uleule, Windows huchanganyikiwa. Usibadilishe kwenye BIOS hali ya SATA kutoka RAID au IDE kwenda AHCI katikati ya zoezi hili, kwani Windows inaweza kugoma kuwaka.

Baada ya hapo fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 maana yake TRIM inafanya kazi, na SSD inaambiwa seli zipi hazitumiki tena. Usitumie programu za zamani za kupanga upya diski juu ya SSD. Ile ya Windows ya sasa inaitambua na kutuma TRIM badala yake. TRIM ina gharama yake: faili uliyoifuta kwa bahati mbaya kwenye SSD karibu hairudi, ilhali kwenye diski ngumu mara nyingi huokolewa. Na kama terabaiti 1 inasomeka 931 kwenye Windows, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Wizi upo kwingine. “SSD ya nje” ya terabaiti 16 kwa bei ya flashi ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa famwea. Data inaandikwa juu ya data bila onyo lolote. Jaza kifaa chote kwa H2testw, au F3 kwenye Linux na Mac, kabla dhamana ya kurudisha haijaisha. Kwa diski ngumu, mwanzoni mwa 2025 ilibainika kuwa diski za Seagate zenye maelfu ya saa za kazi zilikuwa zikiuzwa kama mpya, SMART ikiwa imerudishwa sifuri. Kumbukumbu ya FARM, rekodi ya ziada ya Seagate ndani yake, haikufutwa. Amri ya smartctl -l farm huitoa hadharani.

Tungenunua nini

Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ngumu pekee: SSD ya SATA ya TLC, gigabaiti 500. Ya 250 inatosha kwa kazi za ofisi, lakini Windows, masasisho yake na programu huila haraka, na SSD iliyojaa ni SSD iliyochoka. Kama RAM ni gigabaiti 4, ongeza na hiyo. SSD hupunguza maumivu ya RAM ndogo, haiyaondoi. Kwa kompyuta mpya: NVMe ya TLC ya kizazi cha nne, terabaiti 1, mtengenezaji anayetaja TBW waziwazi. Anayeuza SSD bila kutaja aina ya seli wala TBW, mwache.

Ile diski ngumu iliyotoka, ikiwa SMART yake ni safi, itie kwenye kasha la USB iwe ya bakapu. Ya inchi 3.5 inahitaji kasha lenye adapta ya volti 12, USB peke yake haiiwashi. Nakili mara moja kwa wiki, fungua faili mbili tatu kuhakikisha zinasomeka, kisha ichomoe. Diski ya bakapu iliyoachwa imechomekwa itasimbwa na virusi vya kudai fidia pamoja na kompyuta yenyewe.